Mikanda ya mpira ya mazoezi: nimejaribu aina tatu, nimebaki na ule usio na mpini

Nyumbani kwetu kuna aina tatu za mikanda ya mpira ya mazoezi. Kuna ule mpana ulio bapa, unaokatwa kutoka kwenye mpira mrefu ulioviringishwa. Kuna seti ya mabomba ya mpira yenye mishikio na klipu. Na kuna vitanzi, vile vya duara vinavyovaliwa mapajani au miguuni. Vyote vimetumika, tena na watu wa umri tofauti, kwa hiyo nina la kusema. Kama bega, goti au kifundo cha mguu kinakusumbua na unataka kifaa kimoja tu cha nyumbani, chukua ule mpana usio na mpini, usio na klipu, usiokuja na mfuko wa zipu wala picha ya kijana mwenye kifua cha mraba. Hivyo viwili vingine vina kazi zake, ila vinauzwa kwa maneno makubwa kuliko kazi yenyewe.

Mimi ni mwalimu wa hisabati. Miaka ya kuandika ubaoni mkono ukiwa juu imeniachia bega la kulia linalouma nikinyoosha mkono kwenye rafu ya juu, nikifunga zipu ya mgongoni, na usiku nikilalia upande huo. Mtaalamu wa fiziotherapia alinipima, akaniambia hakuna kilichochanika. Kano za misuli inayolishikilia bega zimechoka na kukereketa, na tiba yake kubwa ni kuipa misuli hiyo nguvu polepole, kwa mazoezi, kwa miezi na si kwa siku. Akakata kipande cha mpira wa manjano chenye urefu wa kama mita moja na nusu, akanionyesha mazoezi matatu, akanikabidhi. Ndivyo vifaa vyote.

Mpira wenyewe una upana wa kama sentimita 13, na ni mwembamba kiasi kwamba ukiunyanyua mbele ya dirisha unaona mwanga. Ukiwa mpya una unga mweupe wa kuuzuia usigandane, na harufu inayobaki viganjani hata baada ya kunawa. Hauna pa kushika. Unauzungusha kiganjani mara moja au mbili, upite nyuma ya mkono, ili vidole visilazimike kukamata kwa nguvu. Anayeuona mara ya kwanza huhesabu hilo kuwa upungufu. Mimi nalihesabu kuwa ndiyo sifa yake kubwa, kwa sababu unaweza kuushika popote, na mahali unapoushika ndipo panapoamua uzito wa zoezi.

Hapa naomba mnivumilie, maana ni somo langu. Nguvu ya mpira haiamuliwi na umbali uliouvuta peke yake. Inaamuliwa na umbali huo ukilinganishwa na urefu wa mpira ukiwa umelegea. Katika zoezi langu la bega mkono unasafiri karibu sentimita 40. Nikiacha sentimita 80 za mpira kati ya mlango na kiganja, mpira unaongezeka kwa asilimia 50. Nikisogea na kuushika uwe na sentimita 40, unaongezeka kwa asilimia 100. Ni mkanda uleule, rangi ileile, mkono uleule, lakini zoezi la pili ni gumu kuliko la kwanza kwa mbali. Ukiukunja ukawa tabaka mbili, kwa uwiano uleule wa kuvuta, umezidisha nguvu mara mbili. Mtu mwenye mkanda mmoja na akili timamu ana mazoezi mepesi, ya wastani na magumu mkononi mwake, wala hahitaji mfuko wenye rangi tano.

Ndiyo maana rangi hazinipi usingizi. Thera-Band, chapa iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1978 na ambayo mpangilio wake wa rangi wataalamu wengi wa fiziotherapia wanaujua kwa moyo, inatoa takwimu zake waziwazi. Ukivutwa hadi mara mbili ya urefu wake, mkanda wa manjano unavuta kama kilo 1.3, mwekundu 1.7, wa kijani 2.1, wa bluu 2.6, mweusi 3.3, wa fedha 4.6 na wa dhahabu 6.4. Tazama hatua zenyewe. Kuanzia mwekundu hadi mweusi, kila rangi inaongeza karibu robo juu ya iliyotangulia. Baada ya hapo inaruka: mweusi kwenda wa fedha, na wa fedha kwenda wa dhahabu, ni nyongeza ya karibu asilimia 40 kila mara. Kwa hiyo mtu anayejivuna kwamba "amepanda rangi moja" hajasema kitu mpaka aseme ni kutoka ipi kwenda ipi.

Tena takwimu hizo ni za kampuni moja. Hakuna kanuni inayowalazimisha watengenezaji wakubaliane rangi. Kwenye seti yangu ya mabomba, jeusi ndilo gumu kuliko yote. Kwenye vitanzi, cheusi kimewekwa katikati. Ukisoma mahali kwamba zoezi fulani "lifanywe na mkanda wa kijani", jiulize kijani cha nani, kilichoshikwa kwa urefu gani. Mimi nimechukua rula na kalamu ya wino mzito, nikachora alama ndogo kila baada ya sentimita 10 tangu ncha moja hadi nyingine, mkanda ukiwa umelala mezani bila kuvutwa. Daftarini siandiki rangi. Naandika: "alama ya 6, marudio 12, seti 3". Juma linalofuata najua nilikuwa wapi. Alama hizo zina faida nyingine ambayo nitaifikia.

Sasa zoezi lenyewe, kwa kuwa kifaa kisichofanyiwa kazi hakina cha kuhakikiwa. La kwanza ni kuzungusha mkono kwenda nje. Napiga fundo ncha moja ya mkanda, fundo nalipitisha upande wa pili wa mlango kwenye usawa wa kiwiko, karibu na bawaba, kisha naufunga mlango na kugeuza ufunguo. Nasimama ubavu wa kushoto ukielekea mlango. Kiwiko cha kulia nakikunja pembe mraba na kukibana ubavuni, katikati nikiweka taulo dogo lililokunjwa. Mkono unaanzia tumboni, unafunguka kwenda nje taratibu, unasimama kidogo, halafu unarudi kwa hesabu ya tatu au nne. Taulo ndiye msimamizi. Kiwiko kikiinuka tu, linaanguka, na unajua umeanza kuiba kwa misuli mingine.

Zoezi hilo linaonekana la kitoto. Misuli inayofanya kazi pale ni midogo, imejificha nyuma ya bapa la bega, na kazi yake ni kuzungusha mkono na kukiweka kichwa cha mfupa wa mkono katikati ya kikombe chake kila unapounyanyua. Bega ni kiungo chenye kikombe kifupi na mwendo mkubwa. Hakishikiliwi na mifupa kama nyonga, kinashikiliwa na misuli hiyo. Ikichoka, mfupa unahamahama, kano zinasumbuka. Hapo kilo 1.3 si mzaha. Nilipofika kama rudio la kumi na mbili nilihisi moto nyuma ya bega, mahali ambapo sikuwahi kujua pana kitu.

La pili ni kupiga makasia: mkanda unapita nyuma ya kitasa cha mlango uliofungwa, ncha moja kila mkono, viwiko vinarudi nyuma, mabapa mawili ya mabega yanakaribiana, mabega hayapandi masikioni. La tatu ni kuupanua mkanda mbele ya kifua kwa mikono iliyonyooka, na hili nalifanya hata nikisubiri wanafunzi wamalize jaribio, maana halihitaji mlango wala kiti. Wamezoea. Mmoja aliniuliza kama ni adhabu.

Kuhusu maumivu, mpaka niliowekewa ulikuwa rahisi na nimeufuata. Misuli kuwaka moto ni sawa. Maumivu madogo ya bega, yale unayoyapa tatu katika kumi, yanavumilika ikiwa kesho yake asubuhi yamerudi pale yalipokuwa. Yakiwa makali, yakichoma ghafla, au yakikuamsha usiku kuliko kawaida, basi mzigo umezidi, na kwa mkanda huu kupunguza mzigo ni kusogeza kiganja alama mbili nyuma. Vyuma havikupi nafasi hiyo. Ukiwa na dambeli ya kilo 2 na bega linataka kilo moja na robo, huna la kufanya ila kutafuta dambeli nyingine.

Kuna tofauti nyingine kati ya mpira na vyuma ambayo wauzaji huigeuza kuwa wimbo, nayo ni ya kweli, ila ina pande mbili. Chuma kina uzito uleule mwanzo hadi mwisho, na siku zote kinavuta chini. Mpira unavuta kuelekea ulikofungwa, popote pale: pembeni, juu, nyuma. Ndiyo maana zoezi la kuzungusha bega unalifanya ukiwa umesimama, ilhali kwa dambeli ni lazima ulale ubavu. Tena mpira unaanza mwepesi na kumalizia mgumu. Kwa kiungo kinachouma mwanzoni mwa mwendo, hiyo ni rehema. Kwa mtu mzima wa afya anayetaka misuli ya mapaja, ni kasoro, kwa kuwa pale chini kabisa, unapochuchumaa, ambapo misuli imenyooka na ingepata kazi nzuri, mpira umelegea na haukusaidii kitu. Unakuja kukubana ukiwa umeshakaribia kusimama, mahali ambapo tayari una nguvu.

Mwaka 2019 yalichapishwa mapitio ya tafiti yaliyolinganisha mazoezi ya mpira na yale ya mashine na vyuma, na hayakuona tofauti ya maana katika nguvu zilizopatikana. Tafiti zenyewe zilikuwa chache, na mimi nisingeyatumia kumkejeli anayekwenda jimu. Ninachokiona nyumbani kinaendana nayo kwa mikono na mabega. Kwa miguu ya mtu mwenye nguvu zake, nadhani vyuma bado vinashinda, na kijana wangu ananiunga mkono kwa kelele.

Twende kwenye mabomba. Seti hii niliinunua mwenyewe, kwa kuwa ilisemekana ni "jimu kamili". Ina mabomba matano ya rangi tano, mishikio miwili yenye sponji, mikanda ya kufunga kwenye vifundo vya miguu, na utepe wenye kitufe kinene cha kubana mlangoni. Kila bomba lina klipu ya chuma kila ncha, na unaweza kuyaunganisha mawili matatu kwenye mshikio mmoja.

Yapo mazuri. Mshikio ni nafuu kubwa kwa mtu mwenye vidole vya baridi yabisi au mwenye kiganja dhaifu, ambaye kuzungusha mpira mkononi kunamwachia maumivu mengine. Zoezi la makasia ni tamu zaidi kwa mabomba: mikono inajipanga vizuri na unaweza kuongeza mzigo hadi mgongo ukubali. Anayetaka jasho, na si matibabu, atayafurahia.

Lakini urefu wake haubadiliki. Bomba lina urefu mmoja, mshikio uko mwisho, basi. Ile hesabu ya kusogeza kiganja imekufa. Unachoweza ni kusogea mbali na mlango au kubadili bomba, na hatua kati ya bomba moja na jingine ni kubwa mno kwa bega bovu. Halafu kuna maandishi. Kila bomba limeandikwa uzito wake kwa pauni, kwa herufi nene. Nikachukua mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia mabegi ya safari, nikalivuta bomba gumu kuliko yote hadi mara mbili ya urefu wake. Mizani haikufika hata nusu ya kilichoandikwa. Inawezekana wamepima likiwa limevutwa mpaka karibu kukatika. Hawakusema, na namba isiyosema imepimwa wapi haina tofauti na jibu la mwanafunzi lisilo na kipimo. Nimelikata alama.

Jambo la mwisho kuhusu mabomba ni zito zaidi. Sehemu yake dhaifu si katikati, ni nchani, pale mpira unapoingia kwenye kifuniko na kushikwa na pete ya chuma. Bomba la bluu lilichomoka hapo nikiwa napiga makasia, klipu ikaruka na kugonga mlango wa kabati kwa kishindo kilichomleta mama kutoka chumbani. Haikunigusa. Lakini ukikumbuka kwamba katika mazoezi mengi unavuta kuelekea kifuani, utaona njia ya kitu kilichochomoka inakoishia. Madaktari wa macho wameandika kuhusu wagonjwa waliopigwa jichoni na mikanda ya aina hii, hasa mwaka 2020 watu walipojifungia nyumbani na kufanya mazoezi peke yao, na miongoni mwa majeraha kulikuwa na damu kuvujia ndani ya jicho. Mabomba mengine siku hizi huvishwa ala ya kitambaa ili mpira ukikatika usiruke. Kama ni lazima ununue mabomba, nunua hayo, na kabla ya kila zoezi vuta kila ncha kwa mkono huku uso umeugeuza pembeni.

Mlango nao uzingatiwe, kwa mkanda wowote. Simama upande ambao ukivuta, mlango unazidi kujibana kwenye fremu. Ukisimama upande mwingine, unachokitegemea ni ulimi wa kitasa tu. Na funga kwa ufunguo, maana nyumba ina watu, na mtu akija kusukuma mlango huo wewe ukiwa umeuvuta mpira hadi mwisho, mtakutana vibaya.

Vitanzi ninavyo vya namna mbili: vya mpira mtupu na kimoja cha kitambaa kilichosokotwa na nyuzi za mpira. Hivi ni vya mama na kijana.

Mama ana miaka zaidi ya sabini na nyonga zake zilianza kuyumba akitembea. Alipewa mazoezi ya kukaa kwenye kiti imara, kitanzi kikiwa juu kidogo ya magoti, anafungua magoti na kuyarudisha pole pole. Baadaye ni kusimama na kukaa huku kitanzi kikiwa palepale, ili magoti yasiangukie ndani. Misuli inayolengwa ni ya ubavuni mwa makalio, inayozuia nyonga isishuke upande mmoja unaponyanyua mguu. Kitanzi cha mpira mtupu kilimchosha kabla ya zoezi. "Mwanangu, kimejikunja tena," aliniambia. "Nikikaa nakishusha, nikisimama kinapanda." Kweli, vitanzi vya mpira mtupu hujiviringisha na kuwa kamba, vikibana ngozi na kung'oa vinyweleo. Kile cha kitambaa hakijiviringishi, na juu ya nguo kinakaa kimya. Tatizo lake ni kwamba kinavutika kidogo tu kisha kinagoma. Kwa kufungua magoti kinatosha. Kwa bega ni bure kabisa, na kwa mtu aliyetoka kwenye upasuaji anayehitaji mzigo mwepesi sana, kinaanza pazito mno.

Siku mama anapochoka na vitanzi, namfungia mkanda wangu mpana mapajani kwa fundo moja pana. Haujiviringishi kwa urahisi kwa kuwa ni mpana, na naukaza kadiri anavyotaka yeye. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya 2020, linawataka watu wazima wafanye mazoezi ya kutia misuli nguvu angalau siku mbili kwa juma, na wazee waongeze mazoezi ya mizani ya mwili siku tatu au zaidi ili wasianguke. Kwa mama, mkanda unafanya nusu ya kwanza. Nusu ya pili anaifanya kwa kusimama mguu mmoja akishika ukingo wa meza, na kwa hilo hakuna mpira wa kumuuzia.

Kijana alitegua kifundo cha mguu uwanjani, mguu ukageukia ndani kama kawaida ya michezo. Uvimbe ulipopungua na akaruhusiwa kukanyaga, mkanda ukaingia kazini: kuukunja mguu juu, kuusukuma chini, kuugeuza ndani, na lililo muhimu kuliko yote, kuugeuza nje. Misuli ya upande wa nje wa muundi ndiyo inayowahi kuudaka mguu unapoanza kupinduka tena. Kitanzi cha mpira mtupu kilimfaa hapa, kikivaliwa kwenye nyayo zote mbili, kisigino kikitulia chini na kidole gumba kikienda nje. Kosa lake yeye ni haraka. Alikuwa anauachia mguu urudi wenyewe kwa kishindo, na kurudi polepole ndiko kwenye nusu ya faida. Nilimwambia ahesabu kwa sauti. Alihesabu kwa kunikomoa, lakini alihesabu.

Kama ningetoa alama kama ninavyosahihisha: mkanda mpana 84, vitanzi vya kitambaa 61, vya mpira mtupu 52, mabomba 45, na hayo 45 yametokana na mishikio.

Alama 16 zilizokosekana kwenye mkanda mpana zinajieleza. Unaisha. Mpira huu hutengenezwa kwa utomvu wa mti wa mpira, na adui zake ni wengi: jua, joto, mafuta ya kujipaka, klorini ya bwawa la kuogelea, kucha na pete. Navua pete kabla ya kuushika, na losheni naipaka baada ya mazoezi. Ukichafuka naufuta kwa maji na sabuni laini, nauanika kivulini ukiwa umetandazwa, kisha naupaka poda kidogo pande zote. Usiuvute zaidi ya mara tatu ya urefu wake; ukihitaji kufika huko, unahitaji mkanda mrefu zaidi au mzito zaidi. Kabla ya zoezi naunyanyua mbele ya dirisha. Tundu dogo lolote, hata la ukubwa wa ncha ya sindano, linaonekana kama nukta ya mwanga, na mpira uliotoboka huendelea kuchanika kuanzia hapo hapo.

Utomvu huo huo ni hatari kwa wenye mzio nao. Kwa wengine ni kuwashwa na vipele, kwa wengine kifua kubana na hali ya dharura. Kama glavu za mpira au maputo yanakuletea shida, usijaribu hata kidogo. Tafuta mikanda iliyoandikwa kwamba haina lateksi, yaani utomvu huo, ipo, kwa rangi zilezile. Na aliyefanyiwa upasuaji karibuni, au ambaye bega limemshinda kunyanyua kabisa, au aliyepata ganzi mkononi, apimwe kwanza. Mazoezi yangu matatu yalichaguliwa kwa bega langu.

Bega lenyewe? Nafunga zipu yangu mwenyewe. Nalala upande wowote. Rafu ya juu naifikia, ingawa mwisho wa muhula, baada ya kuandika sana, linanikumbusha kwamba lipo, na narudi kwenye alama za nyuma kwa wiki moja hivi. Nimehama kutoka manjano hadi kijani, na kijani nakishika karibu na mlango.

Ile faida nyingine ya alama za wino ndiyo hii. Mpira ukivutwa mara nyingi haurudi tena sawasawa kwenye urefu wake wa mwanzo. Kwa macho huoni. Kwa rula unaona: nafasi iliyokuwa sentimita 10 siku ya kwanza inasomeka karibu 11, hasa katikati ya mkanda panapofanya kazi zaidi. Mkanda wa manjano ulifika huko, nami nikaagiza mwingine wa rangi hiyo kwa ajili ya siku bega likikorofisha. Ule wa zamani niliukata vipande vipande kwa mkasi kabla ya kuutupa, kwa sababu namjua kijana wangu: angeuokota pipani, akauvuta mara nne ya urefu wake kuwaonyesha wenzake.